Uzoefu wangu: Motul RBF 600 kwenye Nordschleife, na taa ya ABS iliyoendelea kuwaka

Nianze na jibu, maana wengi mnatafuta hilo tu: mafuta haya ya breki yamemaliza tatizo la pedeli kuzama. Taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki) hayakuigusa, wala haikuwa kazi yake.

Naishi Ujerumani, na siku ambazo Nordschleife, ile njia ndefu ya mbio ya Nürburgring, inafunguliwa kwa watu wa kawaida huwa naenda na gari langu la kila siku, linalovuta kwa mbele. Mzunguko mmoja ni kilomita 20.8, lakini breki hazichoki sawasawa kote. Zinamalizwa na nusu ya kwanza: unatoka kona ya Schwedenkreuz ukiwa kasi, unakanyaga kwa nguvu kuingia Aremberg, unateremka Fuchsröhre, halafu Adenauer Forst, na kabla hazijapoa unakutana na mteremko wa Wehrseifen mpaka Breidscheid. Kutoka hapo barabara inapanda kwa muda mrefu, breki zinapata nafuu. Aliyewahi kushuka mlima Kitonga kule Iringa nyuma ya lori lenye mzigo anaijua harufu ninayoisema.

Nikiwa na mafuta ya breki ya kawaida, ya daraja la DOT 4, pedeli ilikuwa inalegea pale Wehrseifen. Ukiipampu inapanda, baada ya kona mbili imezama tena. Hayo ni mafuta yamechemka. Mvuke unabanika, mafuta hayabaniki, kwa hiyo nguvu ya mguu inaishia kubana mvuke badala ya kufika kwenye pedi. Kiwango cha DOT 4 kinataka mafuta yasichemke chini ya nyuzi 230 yakiwa mapya, na 155 yakishanyonya maji. RBF 600 ni 312 na 205. Baada ya kubadilisha, pedeli imebaki pale pale juu, mpaka mwisho wa mzunguko. Kwa hilo nayapa alama zote.

Ila msinunue kabla hamjajua mguu unawaambia nini. Pedeli ikiwa ngumu, unasukuma na gari halipungui, harufu kali inaingia ndani, hapo zilizokufa ni pedi. Zimepita joto lake, na hata ukiweka mafuta ya bei gani hazitauma mpaka zipoe. Mimi nilibadilisha pedi pia, kwa sababu nilikuwa na magonjwa yote mawili.

La tatu ndilo linaloogopesha kuliko yote. Unakanyaga ghafla juu ya tuta dogo, gurudumu linanyanyuka kidogo, na kompyuta ya ABS inadhani uko kwenye barafu. Pedeli inakuwa kama jiwe, gari linaserereka kwenda mbele. Watu huapa kwamba ni pedi. Njia ya kutofautisha: achia mguu, kanyaga upya taratibu. Breki zikirudi papo hapo, ilikuwa ABS, kwa sababu pedi zilizoungua hazifufuki ndani ya sekunde moja. Na usitegemee taa wala kodi (namba ya hitilafu inayohifadhiwa na kompyuta), maana kwa akili ya kompyuta hakuna kilichoharibika.

Sasa taa yangu. Kile kifaa cha bei rahisi cha kuchomeka chini ya usukani kilisoma injini tu na kusema gari ni zima. Fundi wa gereji moja (siitaji) alitaka kubadilisha moduli nzima ya ABS bila kupima chochote. Nikaazima mashine inayoingia kwenye ABS yenyewe, nikatazama kasi ya kila gurudumu moja kwa moja huku rafiki akiendesha polepole. Matatu yalikwenda pamoja, la mbele kushoto lilikuwa linashuka hadi sifuri na kurudi. Sensa ilikuwa imejaa vumbi la chuma linalotokana na pedi, na waya wake umekakamaa kwa joto. Sensa mpya, taa ikazimika. Breki za kawaida zilikuwa zinafanya kazi muda wote taa ikiwaka, ila bila ABS tairi zinajifunga kirahisi, hasa kwenye mvua, na mvua ya Eifel, milima ilipo njia hii, haipigi hodi.

Mashine hiyo hiyo ilinifaa wakati wa kutoa upepo kwenye breki. Mafuta ya zamani hubaki ndani ya moduli ya ABS, na njia ya kuyatoa ni kuiamuru mashine izungushe pampu na kufungua vali. Nilitumia chupa mbili za nusu lita.

Kasoro ya RBF 600 ni hiyo 205. Castrol SRF iliyonyonya maji inafika 270, ndiyo maana bei yake inauma. Kama unakwenda njia ya mbio mara chache na uko tayari kubadilisha mafuta kila msimu, hii inatosha. Kama ni mtu wa kusahau, au gari linakaa Mombasa au Tanga penye unyevu mwaka mzima, ongeza pesa uchukue hiyo nyingine. Na chupa ukishaifungua, kilichobaki usikihifadhi kwa ajili ya mwakani.