Viza ya Schengen kwa Mgeni wa Siku Nyingi: Tathmini ya Kile Unacholipia

Wazazi wengi wa Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi wanaoomba viza ya Schengen, ile moja inayofungua nchi nyingi za Ulaya kwa pamoja, hawana haja na mnara wa Paris. Wanakwenda kumlea binti aliyejifungua huko Hamburg, au kukaa na wajukuu wa Utrecht ambao mpaka sasa wamewaona kwenye simu tu, na safari ya namna hiyo haimaliziki kwa siku kumi. Wanachotaka kujua ni muda gani wataruhusiwa kukaa, na kama muda huo ukiisha kabla ya shughuli kwisha upo mlango wa kuuongeza. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikijaza fomu za ndugu na jamaa na kuwahesabia siku zao kwenye kalenda, na hapa naitathmini viza hii kama bidhaa nyingine yoyote inayouzwa: inatoa nini, kwa bei gani, na nani asijisumbue kuinunua.

Kwa upana wa eneo haina mpinzani. Tangu tarehe 1 Januari 2025, Bulgaria na Romania zilipoondolewa ukaguzi wa mipaka ya nchi kavu, viza moja inafungua nchi 29, zikiwemo Uswisi, Norway, Iceland na Liechtenstein ambazo si wanachama wa Umoja wa Ulaya. Ireland na Cyprus zimo katika Umoja huo lakini hazimo katika eneo la Schengen, na Uingereza haimo popote kati ya hayo mawili, kwa hiyo bibi mwenye mjukuu Hamburg na mwingine Birmingham atalipia viza mbili. Faraja yake ni kwamba siku atakazokaa Birmingham hazihesabiwi katika siku zake za Schengen.

Kasoro kubwa ya bidhaa hii iko kwenye maandishi ya stika yenyewe, ile inayobandikwa kwenye pasipoti. Stika ina mistari mitatu ambayo msomaji wa haraka huichanganya: tarehe ya kuanza na ya mwisho, idadi ya kuingia, na idadi ya siku za kukaa. Chukua mfano wa mtu aliyeomba kwenda tarehe 1 Juni na kurudi tarehe 30 Juni. Stika yake huenda ikasomeka kuwa viza ni halali kuanzia tarehe 1 Juni hadi tarehe 15 Julai, kuingia "01", siku 30. Zile siku 15 za ziada zinatokana na kanuni za viza zenyewe, na zimewekwa ili safari iliyosogezwa mbele kidogo isiharibike. Anayefika tarehe 10 Juni ana haki ya siku 30 kuanzia hapo. Lakini aliyefika tarehe 1 Juni na kusoma tarehe ya mwisho peke yake atadhani ana mwezi na nusu, atakata tiketi ya kurudi tarehe 14 Julai, na atakapofika mbele ya afisa wa mpakani atakuwa amepitiliza muda kwa wiki mbili huku viza ikionekana ingali hai. Hakuna sentensi hata moja kwenye stika inayomweleza hayo. Tarehe zinaonyesha kipindi ambacho mlango uko wazi, na zile siku ndizo mali aliyoinunua.

Mwenye viza ya kuingia mara nyingi, iliyoandikwa "MULT" na siku 90, ana hesabu nyingine ya kufanya, nayo ndiyo inayowatoa watu jasho. Kanuni inasema mgeni asikae zaidi ya siku 90 ndani ya siku 180 zozote. Neno la kushika ni hilo "zozote". Hakuna nusu mwaka inayoanza Januari na nyingine Julai, wala hesabu haianzi upya kwa kutoka nje ya eneo siku moja na kurudi kesho yake. Kila siku unayokuwa ndani, unarudi nyuma siku 180, hiyo ya leo ikiwemo, na kujumlisha siku ulizokaa, ukihesabu siku ya kufika na siku ya kuondoka kuwa siku kamili hata kama ndege ilitua saa tano usiku. Hesabu hii ni kama mkeka unaokunjwa upande mmoja huku ukitandazwa upande wa pili: kila siku mpya inapoingia, siku moja ya zamani inatoka.

Tuseme mama ameingia tarehe 1 Machi na kukaa siku 90 mfululizo. Siku yake ya mwisho ni tarehe 29 Mei, na hataweza kurudi mpaka tarehe 28 Agosti, siku ambayo ile ya tarehe 1 Machi inakuwa imedondoka nje ya hesabu. Akirudi siku hiyo anaweza kukaa siku nyingine 90, hadi tarehe 25 Novemba, kwa sababu kila asubuhi siku moja ya zamani inamwachia nafasi. Hilo wengi wanalijua, hata wakilisema kwa mkato wa "miezi mitatu ndani, miezi mitatu nje". Wasilolijua ni faida ya anayegawa safari. Mama akikaa tarehe 1 hadi 30 Machi, akaondoka, kisha akarudi tarehe 1 Julai, jamaa watamwambia kwa uhakika kabisa kwamba amebakiwa na siku 60. Hesabu inasema vinginevyo. Kabla siku hizo 60 hazijaisha, siku za Machi zinaanza kudondoka moja moja, na anaweza kubaki hadi tarehe 28 Septemba, yaani siku 90 kamili katika ziara ya pili, ilimradi viza yenyewe bado ni halali hadi tarehe hiyo. Kwa anayetaka kukaa na wajukuu kwa muda mrefu, upangaji wa namna hii una thamani kuliko barua yoyote ya kuomba nyongeza. Tume ya Ulaya ina kikokotoo cha bure mtandaoni kinachofanya hesabu hii, nacho nakipa alama za juu kwa usahihi na za chini kwa urafiki. Bado nashauri hesabu irudiwe kwenye kalenda ya ukutani, mbele ya msafiri mwenyewe, ili aijue.

Zamani kosa la siku mbili tatu liliweza kupita iwapo muhuri ulififia au afisa hakuwa na muda wa kupekua kurasa. Tarehe 12 Oktoba 2025 ulianza kutumika, hatua kwa hatua, mfumo wa kielektroniki wa kuingia na kutoka, ambao unachukua picha ya uso wa mgeni, unaandika tarehe zake na kumtambua wenyewe aliyepitiliza muda. Kumbukumbu za aliyefuata sheria hukaa miaka 3, na za ambaye kutoka kwake hakukuonekana hukaa miaka 5. Adhabu inategemea nchi: kuna faini, kuna kupigwa marufuku kuingia tena, na hata pasipo hayo mawili, ombi linalofuata litasomwa na mtu ambaye tayari ana doa mbele yake.

Kuhusu kuongeza muda ukiwa hukohuko, jibu fupi ni kwamba usipange kwa kutegemea hilo. Kifungu cha 33 cha kanuni za viza kinaruhusu nyongeza bila malipo pale lilipotokea jambo lililo nje ya uwezo wa mgeni, au kwa sababu za kibinadamu. Aprili 2010, majivu ya volkano ya Iceland yalipofunga anga ya Ulaya, waliokwama viwanjani walikuwa mfano halisi. Mgeni aliyelazwa hospitali na daktari akaandika kwamba hawezi kusafiri ni mfano mwingine. Ipo pia nyongeza ya euro 30 kwa sababu nzito za binafsi, ambazo lazima zithibitishwe kwa maandishi na ambazo mamlaka ya nchi ina hiari ya kuzikubali au kuzikataa. Mjukuu kuwa karibu kuanza kutembea si sababu nzito machoni pa ofisi ya wageni, hata kama nyumbani kwetu ingetosha. Ombi lipelekwe kabla siku hazijaisha; ukishapitiliza, unakuwa umekwenda kuzungumzia kosa.

Bei rasmi, tangu tarehe 11 Juni 2024, ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi asiyefikisha 12. Wa chini ya hapo hawalipi. Hairudishwi ukinyimwa. Juu yake kuna ada ya wakala pale ambapo ubalozi umekabidhi upokeaji wa maombi kwa kampuni, na kanuni inataka kwa kawaida ada hiyo isizidi nusu ya ada ya viza. Nimekaa kwenye kituo kimoja cha namna hiyo, ambacho sitakitaja, nikitazama mtumishi akiweka kipimo cha plastiki juu ya picha ya pasipoti ya mzee mmoja, akitikisa kichwa na kumwelekeza kwenye mashine ya picha iliyo hatua chache tu kutoka hapo, ya kulipia. Picha inayotakiwa ni ya milimita 35 kwa 45, na mpiga picha yeyote wa mtaani akiambiwa hivyo anaitoa. "Mzee, hii wataikataa," alisema, kwa adabu kabisa. Huduma za ziada kama ujumbe wa simu, nakala, chumba cha kusubiri chenye viti laini na kurudishiwa pasipoti nyumbani ni za hiari, na hakuna hata moja inayoharakisha uamuzi, kwa kuwa wakala hana sauti katika uamuzi. Kwa usafi na utaratibu wa foleni kituo hicho kilistahili sifa; kwa namna ya kuuza yasiyo ya lazima, hapana.

Uamuzi hutakiwa kutolewa ndani ya siku 15, na unaweza kufika siku 45 ikihitajika uchunguzi zaidi. Ombi linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Kwa kuwa kupata siku ya miadi ni kazi ya pekee, hasa kuelekea likizo za Juni na Desemba, anayesubiri mwezi wa mwisho anacheza bahati nasibu na tiketi yake.

Upande wa mwenyeji una gharama zake ambazo hazitajwi kwenye bei. Ujerumani, mtoto anayemdhamini mzazi huenda ofisi ya wageni kutia saini hati ya kubeba gharama zote za mgeni wake, kwa ada ya euro 29, akionyesha mshahara wake. Ufaransa, cheti cha kumpokea mgeni hutolewa na ofisi ya meya kwa stempu ya euro 30, na wanaweza kuuliza nyumba ina ukubwa gani. Bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000 ni lazima, na kwa mzee wa miaka sabini na kitu bei yake hupanda, huku nyingi zikiacha nje maradhi aliyokuwa nayo tangu nyumbani. Mwenye presha au kisukari asome hapo mara mbili kabla ya kulipa.

Kunyimwa kunakuja kwenye fomu yenye sababu zilizowekewa alama. Ile inayowapata wengi ni mashaka kwamba mwombaji hatarudi kwao, nayo haijibiwi kwa kuongeza tu salio la benki wiki moja kabla. Hati ya nyumba, pensheni, barua ya kazi, na mume au mke anayebaki nyumbani huzungumza vizuri zaidi. Haki ya kukata rufaa ipo kisheria, lakini kila nchi ina njia yake: tangu tarehe 1 Julai 2025, Ujerumani imefuta ule utaratibu wa bure wa kuuandikia ubalozi utazame upya, na sasa mtu huomba upya au huenda mahakamani Berlin.

Inapoanza kulipa kweli ni kwa mteja mwaminifu. Aliyepata na kutumia vizuri viza tatu ndani ya miaka miwili iliyopita anastahili ya mwaka mmoja ya kuingia mara nyingi. Aliyekuwa na hiyo ndani ya miaka miwili anastahili ya miaka miwili. Na aliyekuwa na hiyo ya pili ndani ya miaka mitatu anastahili ya miaka mitano. Afisa anaweza kukataa akiwa na sababu, na anaweza pia kutoa ya muda mrefu mapema zaidi, kwa hiyo fomu ijazwe kwa kuomba kuingia mara nyingi na barua ieleze kwa nini. Kwa euro 90 zinazogawanywa kwa miaka mitano, hakuna anayeweza kuiita ghali.

Anayehitaji zaidi ya siku 90 kwa mkupuo mmoja aiache viza hii kabisa. Ufaransa ina viza ya kitaifa ya mgeni wa muda mrefu, ya euro 99, kwa mwenye kipato chake na anayeahidi kutofanya kazi. Nchi nyingine zina masharti magumu zaidi kwa asiyekwenda kusoma, kufanya kazi au kuungana na familia. Uingereza humpa mgeni wa kawaida hadi miezi 6 kwa ziara moja, na kwa kigezo hicho pekee inaishinda Schengen waziwazi.

Jambo la mwisho ni la pasipoti. Lazima iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na ibaki halali miezi 3 baada ya siku ya kuondoka Schengen. Viza ya miaka mitano haitolewi juu ya pasipoti iliyobakiza miwili. Itakatwa ifuate pasipoti. Kwa Mtanzania pasipoti mpya ya kielektroniki ni shilingi 150,000 na inadumu miaka 10, kwa hiyo anayekaribia hatua ya viza ndefu aifanye upya kwanza, ndipo atafute miadi.