Televisheni ya dola 110 kutoka Birere: miezi 11 nyumbani kwangu

Mimi ni mshonaji hapa Goma, futi ya kupimia haikosi mkobani. Siku ile nilipokwenda kununua televisheni kwenye maduka ya Birere, futi hiyo ndiyo iliyoniokoa. Kijana wa duka alinitolea televisheni ya dola 90, boksi limeandikwa 32 kwa tarakimu kubwa. "Mama, hii ni orijinali, chukua tu." Nikanyoosha futi kwenye kioo, pembe ya juu mpaka pembe ya chini ya upande wa pili: sentimita 61. Inchi 32 ya kweli ni kama sentimita 81. Hiyo 61 ni inchi 24! Nilikasirika sana, maana mteja asiye na futi angeibeba mpaka nyumbani akishukuru.

Nilikuwa makini kwa sababu televisheni yangu ya kwanza ilizimika ikiwa na miezi saba tu. Mpira unaendelea kusikika, kioo giza. Fundi wa Katindo alifunga pazia, akakimulika kile kioo kwa tochi ya simu, nami nikawaona wachezaji wakikimbia ndani ya giza kama vivuli. Picha ilikuwapo. Zilizokufa ni taa ndogo za nyuma ya kioo. Taa hizo zimefuatana kwenye mstari, umeme unatoka kwa moja kwenda nyingine, kwa hiyo ikiungua moja huweza kuzima mstari mzima. "Mama, televisheni nyingi za bei ya chini zinakuja mwanga umepandishwa mpaka mwisho ili zing'ae dukani," akaniambia. "Ukifika nayo nyumbani, ushushe, taa zisiungue mapema." Kubadilisha taa hizo kulinigharimu dola 25.

Hii ya sasa niliinunua duka la pili kwa dola 110, baada ya kuipima na kuomba iwashwe. Nilikuja na fleshi yenye picha mbili, moja nyeupe tupu na moja nyeusi tupu. Kwenye nyeupe unaona madoa, kwenye nyeusi unaona pembe zinazovujisha mwanga. Yangu inavuja kidogo chini kushoto, nikakubali. Boksi lilijisifu 4K, yaani picha ya vinukta vingi sana, 3840 kwa 2160, lakini kioo chenyewe ni vinukta 1366 kwa 768. Kwa inchi 32, nikikaa mita tatu, sioni nilichokosa, basi neno hilo lisikuongezee hata dola tano.

Nilichokosea ni kutoitazama kutoka chini. Niliitundika ukutani, watoto wanakaa kwenye mkeka, na kutoka pale nyuso za watu zinakuwa nyeusi kama zimepigwa moshi. Ilibidi niishushe kwenye meza.

Kuhusu umeme, soma karatasi iliyobandikwa nyuma. Yangu imeandikwa 100–240V, kwa hiyo umeme ukilegea jioni haisumbuki. Hatari ni pale unapokatika kisha kurudi kwa kishindo, na hapa kwetu unakatika mara nyingi. Stabilizateri, kifaa cha kusawazisha umeme, ya dola 20 naihesabu ndani ya bei ya televisheni, na ukikatika nachomoa waya kabisa.

Mwanga nimeuweka 55 tangu siku ya kwanza, na picha bado safi. Sauti ndiyo mbovu: mvua ikipiga mabati hatusikii habari hata tukiipandisha mpaka mwisho. Natafuta spika ndogo ya kuichomeka pembeni.