Raspberry Pi 4 kama kompyuta ya nyumbani Lamu: uzoefu wangu na hitilafu zake

Bodi ninayoizungumzia ni Raspberry Pi 4 Model B yenye RAM ya GB 4. Ninaitumia Amu (Lamu) kwa kazi za kila siku: kuandika, hesabu, intaneti, masomo ya watoto. Hukumu yangu naitoa mapema. Bodi yenyewe ni imara kupita nilivyotarajia. Kinachoiangusha huku Pwani ni vile vinavyoizunguka: kwanza umeme, pili memori kadi, tatu joto na chumvi. Ikikusumbua, kagua kwa mpangilio huo huo kabla hujailaumu bodi. Mara nyingi hutafika la tatu.

Kwa asiyeijua, ilitoka Juni 2019. Prosesa yake ni BCM2711 yenye kore nne za Cortex-A72, ilipotoka ilikwenda GHz 1.5 (matoleo mapya hufika 1.8), na yote imekaa kwenye kibao cha milimita 85 kwa 56. Ina tundu nne za USB (mbili za bluu ndizo za kasi), HDMI ndogo (micro-HDMI) mbili, tundu la waya wa mtandao na pini 40. Haiji na kasha, chaja, kadi wala saa yenye betri, na haina swichi ya kuwashia. Kwa hiyo andika orodha kamili kabla ya kuagiza: adapta ya USB-C ya volti 5.1 na ampia 3, memori kadi ya GB 32 yenye alama ya A1 (daraja la kasi), kebo ya HDMI ndogo kwenda HDMI ya kawaida, kasha la alumini, modyuli ya saa DS3231, kibodi na mausi. Kebo ile ya HDMI ndiyo watu huisahau, na ukikosa kitu huku unasubiri kivuke kutoka Mokowe, upande wa bara.

Sasa umeme. Chaja ya simu, hata ile ya kuchaji haraka, haifai. Chaja hizo hupandisha nguvu baada ya kuelewana na simu kwa lugha yao. Pi 4 haiijui lugha hiyo, basi chaja inabaki kwenye volti 5 na mara nyingi ampia 2 au pungufu. Halafu kuna waya. Kebo nyembamba yenye ukinzani wa omu 0.2, ikipitisha ampia 2, inakula volti 0.4 njiani. Chaja inatoa 5.0, bodi inapokea 4.6. Kizingiti cha bodi ni 4.63. Ikishuka chini ya hapo taa nyekundu inazimika au inapepesa, alama ya radi inatokea pembeni mwa skrini, na prosesa inapunguza kasi. Ndiyo sababu adapta yake rasmi imepangwa 5.1 badala ya 5.0: ile sehemu ya kumi ni ya kufidia waya.

Dalili za umeme hafifu hudanganya sana. Diski ya USB inapotea katikati ya kazi, mausi inaganda, kadi inaharibika faili, na mtu anakimbilia kubadilisha programu. Kabla ya yote fungua terminali uandike `vcgencmd get_throttled`. Jibu likiwa 0x0, umeme na joto viko sawa. Likiwa 0x50005, volti iko chini sasa hivi na kasi imekatwa. Likiwa 0x50000, sasa pametulia lakini volti ilishuka wakati fulani tangu uiwashe, na hilo ndilo jibu linalonaswa na wengi wanaosema "yajizima yenyewe". Thibitisha kwa mita: ncha nyekundu pini ya 2, nyeusi pini ya 6, huku video inacheza na diski imechomekwa. Ukisoma chini ya 4.8, badilisha kebo kwanza, kisha adapta. Angalia mkono usiteleze, kwa sababu pini ya 1 iliyo jirani ni ya volti 3.3, na kuigusisha na pini ya 2 ni kuiua bodi papo hapo.

Anayenunua bodi iliyotumika azingatie jambo moja zaidi. Toleo la kwanza kabisa, 1.1, lina kosa la usanifu kwenye tundu la USB-C: pini mbili za CC (za kutambulisha kilichochomekwa) zinatumia kinzani moja. Kebo zenye chipu ndani, kama za laptopu, huifanya chaja idhani imechomekewa kifaa cha sauti, ikakataa kutoa umeme. Bodi inaonekana imekufa kumbe ni nzima. Tumia kebo ya kawaida isiyo na chipu, itawaka. Kulijua toleo, andika `cat /proc/cpuinfo` uangalie mstari wa Revision: c03111 ni hilo la zamani la GB 4, c03112 na kwenda mbele limekwisha rekebishwa.

Kwa sola, bodi hii nimeipenda. Peke yake hula kama wati 3 ikipumzika na wati 6 au 7 ikifanya kazi nzito. Betri ya risasi ya volti 12 na Ah 20 ina Wh 240. Usiivuke nusu, basi hesabu 120. Bodi pamoja na skrini ndogo ya wati 20 inakupa kama saa 4 ukitoa upotevu wa kibadilishaji. Kibadilishaji cha 12 kwenda 5 kiwe cha ampia 3 halisi, ukirekebishe kwa mita hadi 5.1 kabla hujakiunganisha na chochote, na kiingie kwa tundu la USB-C. Wapo wanaopitisha umeme kwenye pini za 2 na 6 kwa kuwa ni rahisi. Sikushauri. Kibadilishaji cha bei rahisi kikiungua kinaweza kupitisha volti 12 zote, na upande wa pini umeme unaingia moja kwa moja kwenye bodi.

Jumla ya umeme unaotoka kwenye tundu zote nne za USB ni ampia 1.2. Diski ya kuzunguka na modemu pamoja zinaweza kuimaliza. Weka habu (kigawanyio cha USB) yenye adapta yake.

Memori kadi bandia zimejaa kila mahali, na zinafanana na halisi hadi kwenye maandishi ya mfuko. Kadi inajitambulisha kuwa ya GB 64 ilhali ndani ni 8. Inaandikika vizuri mpaka ijae ile 8, kisha inaandika juu ya vya zamani. Mfumo unawaka siku ya kwanza, wiki ya pili unaanza kupoteza faili. Ipime kabla ya kuweka chochote: `sudo apt install f3`, kisha `f3write` na `f3read` ukitaja folda ya kadi. Zoezi linachukua zaidi ya saa nzima, na lina thamani ya kila dakika. Mwishoni f3read inakutajia kiasi kilichosomeka sawasawa na kiasi kilichopotea. Kadi halisi ya GB 32 huonekana kama 29 na kitu kwenye kompyuta, hiyo si kasoro.

Mfumo weka kwa programu ya Raspberry Pi Imager kutoka kompyuta nyingine, na uiache imalize hatua ya kuhakiki. Usiichomoe kwa haraka. Umeme ukikatika ghafla wakati bodi inaandika, kadi ndiyo inayoumia. Kama mashine ni ya kazi moja tu, mfano kuonyesha bei dukani, fungua `sudo raspi-config`, nenda Performance Options, uwashe Overlay File System: kila kinachoandikwa kinabaki kwenye RAM na kadi haiguswi, ukatike umeme mara ngapi. Kwa kompyuta ya kawaida njia hiyo haifai, kwa maana kazi yako pia itapotea ukizima. Hapo hamia SSD (diski isiyozunguka) ya GB 120 kupitia kebo ya USB kwenda SATA. Tofauti ya kasi utaiona kivinjari kinapofunguka. Bodi za zamani zinahitaji kwanza kusasishwa programu ya kuwashia: `sudo rpi-eeprom-update -a`, kisha uiwashe upya.

Ila kebo hizo za SATA zina tabia zao. Baadhi ya chipu zake hazielewani na namna ya kusoma inayoitwa UAS, na mfumo unaganda kwa nusu dakika nusu dakika. Andika `lsusb` upate namba ya kebo, tuseme 152d:0578, kisha mwanzoni mwa ule mstari mmoja ulio ndani ya `/boot/firmware/cmdline.txt` ongeza `usb-storage.quirks=152d:0578:u` na uache nafasi moja. Usianze mstari mpya, hautasomwa. Kasi itapungua kidogo, kuganda kutaisha. Mifumo ya kabla ya mwishoni mwa 2023 inaliweka faili hilo moja kwa moja kwenye `/boot`.

Bodi ikikataa kuwaka, itazame taa ya kijani. Ikiwa nyekundu inawaka na kijani haijatikisika hata kidogo, programu ya kuwashia imeharibika: tengeneza kadi ya kuokolea kwa Imager, sehemu ya Misc utility images, ichomeke, na ikifanikiwa taa inapepesa haraka bila kusita na skrini inajaa kijani. Ikipepesa mara 4 inakosa faili la start kwenye kadi, mara 7 inakosa kernel (kiini cha mfumo). Zote mbili dawa yake ni kuandika kadi upya. Mara 8 ni RAM, na hapo bodi ndiyo mbovu. Ikiwa taa inacheza kama kawaida lakini skrini ni nyeusi, hamishia kebo kwenye HDMI iliyo karibu na tundu la umeme. Kwa skrini za zamani zinazohitaji adapta ya VGA, ongeza `video=HDMI-A-1:1024x768@60D` kwenye cmdline.txt.

Joto na chumvi vinataka ufafanuzi, kwa sababu maelezo mengi yameandikwa kwa watu wa nchi za baridi. Prosesa inaanza kujipunguza kasi ikifika nyuzi 80. Majira ya kaskazi, chumba kikiwa na nyuzi 31 au 32, bodi iliyo ndani ya kasha la plastiki lisilo na matundu inazifikia kwa video moja. Ushauri wa kawaida ni feni. Mimi naipinga feni kwa nyumba iliyo karibu na bahari: inavuta hewa yenye chumvi na kuipitisha juu ya kila kiungo mchana kutwa, na feni zenyewe ndizo zinazoanza kukwama. Kasha zito la alumini lisilo na feni, lenye nguzo inayogusa prosesa kupitia pedi ya joto, limeniweka kati ya nyuzi 58 na 65 kazini. Pima kwa `vcgencmd measure_temp`. Usisahau kubandua karatasi ya pedi pande zote mbili. Ikibaki, kasha linakuwa pambo tu.

Nyumba za mawe zina zidaka (vishimo vya ukutani vya kuwekea vitu), na macho yanavutiwa kuiweka humo. Hewa haizunguki ndani ya kidaka, na chokaa humwagika unga kukiwa na unyevu. Iweke kwenye meza au nyuma ya skrini, mbali na dirisha la upande wa maji.

Chumvi huonekana kwanza kwenye pini 40 na kwenye midomo ya USB: ukoko mweupe au wa kijani. Kila baada ya miezi mitatu chomoa kila kitu, safisha kwa mswaki laini na alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, uiache ikauke saa mbili. Spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 ina maji, na maji ndiyo tunayoyakimbia. Tundu usizotumia zizibe kwa vifuniko vya mpira. Kadi ikianza kutosomeka ghafla, itoe ufute meno yake kwa kifutio cheupe cha penseli kabla hujaitupa.

Kasha la chuma lina gharama yake: wifi inadhoofika. Kuta za matumbawe nazo hunyonya mawimbi, na GHz 5 haivuki hata ukuta mmoja. Tumia 2.4, au pitisha waya. Usikae na SSD karibu na bodi, kwa sababu USB ya kasi hutoa kelele kwenye masafa hayo hayo ya 2.4, kebo ya nusu mita inatosha kuitenga. Na wifi ikigoma kabisa kwenye mfumo mpya, kwanza chagua nchi KE ndani ya raspi-config, bila hivyo inabaki imefungwa.

Saa. Bila intaneti, bodi inaendelea na saa iliyokumbuka ilipozimwa. Ikizimwa siku tatu na kuwashwa bila bando, tarehe iko nyuma siku tatu: tovuti zinakataa kufunguka kwa kudai cheti si halali, na `apt update` inalalamika kwamba orodha bado haijaanza kutumika. DS3231 inamaliza shida hii. Unganisha VCC pini ya 1, SDA pini ya 3, SCL pini ya 5, GND pini ya 9, washa I2C (njia ya mawasiliano ya pini hizo) ndani ya raspi-config, na uongeze `dtoverlay=i2c-rtc,ds3231` kwenye config.txt, faili lililo kando ya cmdline.txt. Modyuli kubwa ya bluu ina sakiti ya kuchaji betri, nayo CR2032 haichajiki. Ndiyo maana nasema pini ya 1 yenye 3.3 na siyo ile ya volti 5. Moduli ndogo inayochomekwa moja kwa moja juu ya pini haina shida hiyo.

Kwa kazi yenyewe: maandishi, jedwali za hesabu, Python na tovuti za kawaida inazimudu bila kusuasua. Vichupo kumi vya kivinjari kwa pamoja vinaichosha, na video iwe ya 720 au 1080. Anayetaka kuandika barua na kutazama video tu, laptopu iliyotumika itamfaa zaidi, maana inakuja na skrini, betri na saa yake. Anayetaka mashine ya kuwaka mchana na usiku kwa sola, au kijana anayetaka kuunganisha taa, pampu na vipima joto kwenye zile pini 40 na kuviamrisha kwa programu aliyoiandika mwenyewe, achukue hii, ya GB 4, toleo la 1.2 au la baadaye.