Visigino vya ndala ndani ya kiatu: uzoefu wangu wa kujiongezea kimo, Mbeya

Nianze na hukumu kabisa, mwenye haraka aondoke nayo: visigino vya ndani vya kujitengenezea, yaani vipande vya ndala unavyoviweka ndani ya kiatu chini ya kisigino ili urefuke, vinafaa, mradi unene wake usizidi sentimeta 2. Ukilazimisha kupita hapo unajitafutia malengelenge.

Mimi ni mshereheshaji. Kazi zangu ni harusi, sendofu na kipaimara hapa Mbeya mjini, mara moja moja Tukuyu au Tunduma. Kimo changu ni futi 5 na inchi 4, na wala sijawahi kukosa usingizi kwa ajili hiyo. Nimeitwa andunje tangu shule ya msingi, nimezoea. Shida yangu ni picha. Bibi harusi anapanda jukwaani na mchuchumio wake, bwana harusi naye ni mrefu wa kuzaliwa, halafu mimi nimesimama katikati na maikrofoni kama mtoto aliyeleta pete. Mpiga picha akisema "MC, sogea mbele kidogo," najua anachohangaika nacho.

Vya dukani nilivijaribu kwanza, vile vya jeli. Kwa mtu wa kukaa ofisini sina ugomvi navyo. Kwa mtu anayesimama kuanzia saa 12 jioni na kuserebuka na wageni, hapana: jeli inateleza juu ya soli, inasogea mbele taratibu, na ikifika katikati ya wayo unaanza kuchechemea mbele ya ukumbi mzima. Nimempa mdogo wangu.

Ndipo nikaenda kwa mzee mmoja, fundi viatu, anakaa jirani na wauza mitumba Mwanjelwa. Nikamwamkia, nikaanza kujieleza kwa kuzungukazunguka, maana si rahisi mwanaume mzima kusema anataka arefuke. Akanikatisha.

"Mwanangu, wewe unataka kisigino cha ndani. Kalete ndala. Mpya lakini, iliyovaliwa imeshalala."

Nikamuuliza kama sponji ya godoro haiwezi kufaa, kwa kuwa nilikuwa nayo nyumbani. Hata hakunijibu, alichukua kipande cha sponji alichokuwa amekalia akakibana kwa vidole viwili kikaisha chote. Nilielewa. Baadaye nilikuja kujua kwamba kazi hii haikuanza kwa watu wa aina yangu. Wateja wake wa siku zote ni wale ambao mguu mmoja ni mfupi kuliko mwingine, anawainulia soli ya upande mmoja. Kwa hao amejifunza kwamba tofauti ndogo kati ya kiatu na kiatu inatosha kuamsha kiuno, na ndiyo maana alipima vipande vyangu mara kwa mara kuliko nilivyoona kuna haja.

Utengenezaji wenyewe uko hivi. Sehemu ya nyuma ya ndala ni nene kuliko ya mbele, hiyo ndiyo unayoitumia. Soli ya ndani ya kiatu, ile inayochomoka, unaitoa na kuilaza juu ya boksi, unachora kwa penseli kuanzia nyuma kabisa mpaka pale wayo unapoanza kujipinda. Usipite hapo. Mchoro wa mguu wa kushoto unaupindua unakuwa wa kulia, hivyo vipande vinalingana. Kwenye kukata, mzee alikuwa akichovya kisu kwenye kopo la maji kila baada ya mkato. Mpira mkavu unang'ang'ania kisu, na ukingo unatoka na meno.

Tabaka la chini linakuwa refu, la juu fupi kidogo. Gundi inapakwa pande zote mbili, halafu unangoja. Mimi nilikuwa nimeshanyoosha mkono kubandika, mzee akanipiga kibao cha vidole. "Ngoja. Ukiigusa isikunate kidoleni, ndiyo uibandike." Kweli, ilipokauka hivyo alizikutanisha mara moja tu, akagonga kwa nyundo, na hazijaachana mpaka leo. Kisha msasa, na hapa ndipo penye kazi yote. Anasugua kutoka nyuma kwenda mbele mpaka ile ngazi kati ya tabaka na tabaka inapotea na ukingo wa mbele unaisha kabisa, ukipitisha kidole gumba huoni pa kujikwaa. Ukibaki na ngazi hata ndogo, wayo utaikuta tu, na utaikuta saa tano usiku wakati bado kuna keki ya kukatwa na wazazi wa pande mbili hawajatoa nasaha.

Juu alifunika kwa ngozi laini aliyoikata kwenye mkoba mkuukuu wa mama mmoja. Sikuona umuhimu wake siku ile. Ndala tupu inashika soksi kila unapoinua mguu, na soksi inatoboka kisigino upesi. Ngozi inaiacha iteleze. Ndala zilinigharimu shilingi 4,000 na mzee nilimpa 5,000 pamoja na gundi na hiyo ngozi. Jozi zilizofuata nimetengeneza mwenyewe nyumbani, uani, siyo chumbani, kwa sababu harufu ya gundi ya viatu inapanda kichwani vibaya.

Sasa kimo. Mezani kipande kilisoma sentimeta 2 kamili. Nikasimama kwenye fremu ya mlango, mama watoto akanilazia kitabu kichwani na kupiga alama, kwanza bila, kisha navyo. Nilipanda sentimeta moja na nusu, basi. Sababu ni mbili. Mpira unabonyea ukiupa uzito wa mwili, hiyo kila mtu anaijua. Ya pili watu hawaifikirii: kifundo cha mguu hakijakaa juu ya ncha ya nyuma ya kisigino, kiko mbele yake. Ukiinua nyuma peke yake, mguu unainama kuelekea vidoleni, na kifundo kinapanda pungufu ya ulivyoinua. Kwa hiyo anayekutangazia kwamba kisigino cha ndani cha sentimeta 5 kinakupa sentimeta 5, mwache apite.

Baba yangu alivyoviona alicheka sana. Ujana wake ulikuwa miaka ya 1970, wakati wa suruali za bugaluu na viatu vya raizoni, soli nene nje nje na hakuna aliyeficha kitu. Hata Louis XIV wa Ufaransa alitembea na visigino virefu vyekundu mbele ya watu, mfalme mzima. Na kiufundi mzee wangu ana hoja, kwa sababu raizoni inainua wayo wote, mbele na nyuma, kwa hiyo mguu hauinami na kimo unakipata chote. Fundi angeweza kuniongezea soli ya namna hiyo kwa nje, ila kiatu kinakuwa kizito na kila mtu anaona. Sisi tumezaliwa zama za kuficha.

Kitu ambacho nisingekijua bila kuvaa ni kwamba aina ya kiatu ina umuhimu kuliko kisigino chenyewe. Kwenye moka zangu zisizo na kamba, sentimeta moja tu ilitosha kunichomoa: kila nikipanda ngazi, kiatu kinabaki nyuma. Viatu vya kamba vinavumilia mpaka moja na nusu. Buti fupi zinazofunika kifundo ndizo zinazobeba 2 bila malalamiko, na hizo nilizipata mtumbani, namba 41 wakati mimi ni 40. Ile namba moja ya ziada ndiyo nafasi ya ndala. Hakikisha pia umetoa soli ya ndani ya kiatu kwanza, usirundike juu yake.

Mbeya nayo si mji wa tambarare. Kupanda, havina neno, vinasaidia hata. Kushuka kutoka mjini kwenda Mafiati kwa miguu ndiyo kuna kazi, maana mwili unasukumwa mbele, vidole vinabanana kwenye ncha ya kiatu, na vigimbi vinakaza. Siku hizi nashuka na bajaji, viatu vya kazi viko kwenye mfuko. Mvua nayo: Tukuyu niliingia ukumbini na buti zimelowa, asubuhi yake ngozi ya juu ilikuwa imejikunja. Ndala yenyewe haikudhurika, maji si kitu kwake. Nimebandika ngozi nyingine.

Halafu kuna mambo mawili yasiyohusu miguu. Suruali: ukipanda sentimeta moja na nusu, pindo linapanda nawe na soksi zinaonekana. Nilimpelekea fundi cherehani ashushe pindo la suti mbili, na hiyo gharama ihesabu mapema. La pili ni sebule za watu. Kwetu huku unaingia nyumbani kwa mtu, unavua viatu mlangoni, na kikao cha maandalizi kinafanyika sebuleni. Nimefika mrefu, nimekaa mbele ya mama mkwe wa bwana harusi nikiwa mimi wa zamani, na mjukuu wa nyumba hiyo akatoka barazani ameshika kipande cha ndala juu: "Bibi, kiatu cha mjomba kina kiatu ndani!" Walicheka, nami nikacheka, kazi nilipata. Tangu hapo vikaoni nakwenda na raba za kawaida.

Nani asivitumie? Mwenye kisukari au aliyepungukiwa hisia za miguu asijaribu mambo ya kubana vidole bila kumuuliza daktari. Mwenye maumivu ya mgongo au goti, vilevile. Na usivae kutwa nzima kila siku, kwa sababu ukizoesha misuli ya nyuma ya mguu kukaa imefupika, siku ukivaa ndala za kawaida itakuvuta.

Kwa wanaotaka kutengeneza: nenda kwa fundi na kiatu kile kile utakachokivaa na soksi zile zile, na uende jioni. Mguu huvimba kidogo ukishinda umesimama, na kipimo cha asubuhi kitakubana usiku wa sherehe. Mwambie aanze na sentimeta moja, utembee nayo kwanza. Tabaka la pili linabandikwa wakati wowote.