Seti ya pango la Noeli ya mpingo kutoka Mwenge: nyota nne, ya tano ameila punda

Haya wapendwa. Niliahidi kuandika kuhusu hii seti ya pango la Noeli (vile vinyago vya kuzaliwa Yesu) tangu mwezi wa 12 ila nikajizuia, nikaona acha nikae nayo Majilio yote (zile wiki nne kabla ya Noeli) mpaka Tokeo la Bwana (sikukuu ya mamajusi) ndo niseme, maana kitu cha Noeli ukikisifia siku ile ile uliyokinunua unakuwa umesifia boksi. Sasa mapambo yameshashuka, seti ipo juu ya kabati imefungwa kwenye magazeti, naweza kuongea.

Kilichonipeleka Mwenge, kwenye soko la vinyago hapa Dar es Salaam, ni seti yetu ya zamani ya plastiki. Mnaijua, zipo nyumba nyingi tu, ina vitaa vya rangi tatu na ukiiwasha inapiga kimuziki kimoja hicho hicho mpaka betri iishe au baba wa nyumba aje azime, Mtoto ana macho ya bluu na nywele za njano kama mahindi, Yosefu mkono ulikatika mwaka wa kwanza tukabandika na gundi ukakauka umeelekea juu kama anaomba ruhusa ya kwenda chooni. Hayo yote nilivumilia. Kilichonishinda ni kwamba Mtoto kagandishwa kwenye hori. Yaani unaitoa kwenye boksi tarehe 1 Desemba, Yesu huyo kashazaliwa, anacheka, kanyoosha mikono. Sasa Majilio unasubiri nini?

Basi nikaenda sokoni. Kibanda sikitaji kwa sababu mbele kuna malalamiko. Nilimkuta fundi amekaa chini na tezo lake, vumbi la mpingo limemjaa mpaka kwenye kope, na seti niliyoitaka ipo kwenye rafu moja na yale mashetani ya Kimakonde yenye jicho moja na masikio yanayoning'inia, Familia Takatifu hapa, shetani anatoa ulimi pale, nikacheka peke yangu. Bei aliyoanza nayo ni 250,000. Nikamwambia kaka mi sio mtalii, naishi hapa hapa. Akasema dada hata mimi naishi hapa hapa. Tukabishana kidogo, nikajifanya naondoka, nikaitwa, tukafungia 150,000 kwa vipande 11: Mariamu, Yosefu, Mtoto na hori lake, wachungaji wawili, mamajusi watatu, ng'ombe, punda na mti mmoja ambao nitausema baadaye.

Kazi ya mkono kwanza, kwa sababu inastahili. Mchungaji mmoja amevaa lubega na ameegemea fimbo mguu mmoja juu, yule ni Mmasai kabisa, na ng'ombe ana nundu. Nundu! Nimezoea kuona pango lina ng'ombe wa Ulaya mnene kama wa kwenye kopo la maziwa, huyu ni wa kwetu kabisa, mbavu zinahesabika. Mariamu amepiga magoti, kitenge kimekunjwa kiunoni, na ukimsogeza kwenye mwanga unaona fundi hakupitisha msasa mgongoni, ameacha alama za patasi zikaonekana kama mikunjo ya nguo. Uso ameulainisha mpaka unateleza kidoleni. Nimekaa na hicho kinyago mkononi dakika kumi nzima na chai ikapoa.

Sasa malalamiko. Nyumbani nikafanya ile testi ya ndoo, maana nilishaambiwa mpingo wa kweli ni mzito kuliko maji, huu ndo mti wanaotengenezea klarineti huko Ulaya, ukiutupa majini unaenda chini kama jiwe. Nikamtumbukiza mchungaji, tumbwi, chini. Mariamu chini. Mamajusi wote watatu chini. Yosefu chini. Punda akaelea. Anaelea kwa amani kabisa, miguu juu, anazunguka. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini, mi sikucheka, nikamtoa nikamfuta na kitambaa cheupe, kitambaa kikawa cheusi na harufu ya kiwi ya viatu ikajaa sebuleni. Kumbe ni mti mwepesi umepakwa rangi.

Kesho yake nikamrudisha. Muuzaji (sio fundi, fundi alikuwa ametoka) akanijibu kwa dharau kidogo, eti dada kwani punda ameandikwa kwenye Biblia? Hapo ndo nilichemka, maana ni mbinu ya kunipotezea, na mbaya zaidi ni kwamba jamaa alikuwa sahihi. Kafungue Luka 2 usome taratibu: kuna hori, kuna nguo za kitoto, kuna wachungaji wanaolinda kundi usiku, punda hayupo na ng'ombe hayupo. Wale wawili wametolewa kwa nabii Isaya sura ya kwanza, pale anapolalamika kwamba ng'ombe anamjua mwenyewe na punda anajua anapolishwa, ila watu wa Mungu hawajui. Kwaiyo wanavyosimama pale pangoni wanatusuta kimya kimya. Nilimwambia muuzaji hivyo hivyo, na nikamwongezea kwamba hata kama hayupo kwenye Injili, kwenye risiti yupo. Pesa hakunirudishia. Nyota moja imeondoka hapo na hairudi.

Fundi alivyorudi mambo yakabadilika, aliomba msamaha kwa niaba ya wenzake, na ndo nikapata nafasi ya kumweleza shida yangu kubwa: Mtoto na hori walikuwa kipande kimoja cha mti, hatoki, yaani yale yale ya plastiki. Nikamwambia nataka hori tupu na mtoto wa pembeni. Akaniangalia. "Dada, hori tupu unaliweka la nini? Watu watadhani nimekuuzia pungufu."

Nikamweleza kwa kadiri ya uwezo wangu, mi sio katekista. Kwamba neno lenyewe Majilio ni kuja, ni wiki nne za kumsubiri mtu, na kanisa mwanzoni mwa hizo wiki wala halizungumzii kitoto, masomo yanaanza na kesheni, atakuja tena, hamjui siku wala saa, ndo kuanzia tarehe 17 Desemba tunageukia Bethlehemu. Kwamba aliyelala kwenye lile hori ndo yule yule tunayemsubiri mwisho wa dunia. Sasa ukiweka hori limejaa tangu siku ya kwanza umemaliza hadithi kabla hujaianza. Na hata yule aliyetuachia huu utamaduni, Fransisko wa Assisi, mwaka 1223 kule Greccio Italia, hakuweka sanamu hata moja. Alitaka majani makavu, ng'ombe mzima na punda mzima (hakuelea huyo), na Misa ikasomwa pale pale penye hori. Basi. Hori ni chombo cha kulishia, ni sahani ya mifugo, na Bethlehemu kwa Kiebrania maana yake nyumba ya mkate, kwaiyo Mtoto kalazwa kwenye sahani ndani ya nyumba ya mkate, na sisi ndo tunaopanga foleni kumpokea kila Jumapili. Hiki kitu nilikisikia kwenye mahubiri miaka ya nyuma na hakijawahi kunitoka kichwani.

Fundi akasikiliza mpaka mwisho, akasema nimekuelewa, njoo Alhamisi, 15,000.

Na hapa niseme kuhusu ule mti. Kwenye seti kulikuwa na mtende mdogo, umechongwa vizuri na vishada vya tende, nikamuuliza huu umeuweka wa nini, pango halina mtende. Yeye akashangaa zaidi yangu. Ni Mwislamu, akaniambia kwenye Sura ya Maryam Bi Mariamu alishikwa na uchungu yupo peke yake, uchungu ukampeleka kwenye shina la mtende mpaka akatamani angekuwa amekufa zamani, akaambiwa atikise shina zimwangukie tende mbivu, ale na anywe. "Sasa nyie mzazi wenu alikula nini?" Sikuwa na jibu, kwenye Luka hakuna anayempa Mariamu chakula. Tusidanganyane kwamba tunaamini kitu kimoja, kwake ni Nabii Isa mwana wa Mariamu na hapo ndo mwisho, kwangu mimi ni Neno aliyefanyika mwili akakaa kwetu, na tofauti hiyo sio ndogo, ndo dini yenyewe. Lakini mtende sikuurudisha. Niliuweka nyuma ya Mariamu na mwanamke yeyote aliyejifungua akiuangalia ataelewa.

Alhamisi nikachukua Mtoto. Jamani. Mnajua mpingo katikati ni mweusi ila pembeni chini ya ganda kuna sehemu nyeupe inaenda njano? Mafundi wengi wanaichonga wanaitupa. Huyu alitafuta kipande chenye rangi zote mbili, uso wa Mtoto ukatoka kwenye kiini cheusi na zile nguo za kitoto alizovikwa zikatoka kwenye weupe wa pembeni, mti mmoja, hakuna gundi wala rangi. Ni mdogo kama kidole gumba. Nilimfanyia testi ya ndoo huyo naye, nisamehewe, akazama.

Matumizi nyumbani sasa. Hori tupu lilikaa mezani wiki nne na ndo kitu kilichosumbua wageni kuliko vyote. Wanajumuiya walivyokuja kusali kila mmoja anauliza, mama fulani mtoto mmempoteza? Mwanangu wa mwisho, ana miaka mitano, aliuliza Yesu yuko wapi, nikasema hajaja, akasema lakini mama si alishakuja zamani, nikasema ndio, akasema sasa tunamsubiri nani. Nikaenda jikoni kuangalia wali haujaungua, ndo jibu nililokuwa nalo siku hiyo. Tarehe 24 baada ya misa ya mkesha tumerudi saa sita na nusu usiku, wote wamechoka, yeye ndo akamweka, akamweka kichwa upande wa miguu, hatukumrekebisha.

Mamajusi usiwaweke na wachungaji, hilo nalo nawaomba. Mathayo anasema waliingia *nyumbani*, sio zizini, wamechelewa hao, na wala hasemi walikuwa watatu, hiyo tumehesabu wenyewe kutoka kwenye dhahabu, uvumba na manemane. Wa kwetu walianzia juu ya friji tarehe 25, kila siku wanasogea, wakapita kwenye redio, wakalala siku mbili kwenye dirisha, wakafika Jumapili ya Tokeo la Bwana. Mmoja alianguka kutoka kwenye friji akapasua kigae cha sakafu. Yeye mwenyewe hana hata mkwaruzo. Mpingo huo.

Mama mkwe alikuja kutoka Moshi, akawaangalia muda mrefu, akasema "mwanangu, Yesu mweusi hivi?" Nikamwambia mama, na yule wa macho ya bluu ulimzoea vipi? Akanyamaza. Yesu alikuwa Myahudi wa Palestina, hakufanana na wa plastiki na hakufanana na Mmakonde wangu, tofauti ni kwamba fundi wa Mwenge hajawahi kumdanganya mtu kuwa hiyo ni picha yake. Kesho yake asubuhi nilimkuta mama amekaa mbele ya pango na rozari yake, amemgeuza Mariamu amwangalie yeye.

Kwa anayetaka kununua: nenda mwezi wa 10 au mwanzoni mwa wa 11, Desemba bei inapanda na mafundi wanaharakisha. Agiza Mtoto na hori mbalimbali tangu mwanzo, mwambie fundi unataka atumie na ule weupe wa mti, ataongeza kidogo ila atafurahi umejua. Ongea na fundi sio muuzaji. Usioshe kwa sabuni, futa na kitambaa kikavu, mafuta ya nazi kidogo mara moja kwa mwaka yanatosha. Na beba chupa ya maji ya mdomo mpana, testi ifanyike pale pale kabla hujatoa pesa.

Punda tumebaki naye. Mwaka huu amekaa mlangoni mwa pango, bado ananuka kiwi.