Unga wa mlonge wa Ngamiani: jani zuri, lebo imezidi

Nyota nne kati ya tano nazitoa kwa unga wenyewe. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya maneno yaliyobandikwa kwenye paketi, na naomba mnivumilie nieleze, maana jambo hili kwangu limeingia mpaka ndani ya nyumba.

Duka ni dogo, liko Ngamiani hapa Tanga, katika zile barabara zetu za namba, jirani na fundi baiskeli. Mbele kuna hiliki, mdalasini na karafuu. Ukisogea ndani unakuta rafu za majani, magome na mizizi. Kijana anayeuza ana adabu, hujafika kizingitini ameshakuamkia. Mwaka huu nimenunua kwake mara tatu: Februari, Mei, na juzi Jumamosi. Paketi ya gramu 100 ni shilingi 4,000. Nikifika nyumbani huweka kila paketi kwenye mizani ya jikoni, ni mazoea ya kazi yangu ya zamani, na hakuna iliyopungua gramu 97. Kwenye uzito sina neno.

Ya Februari ilikuwa nzuri hasa. Nilimwaga kijiko kimoja kwenye sahani nyeupe, nikasogea dirishani. Kijani chake kilikuwa cha kisamvu kilichotoka kinuni sasa hivi. Nikausugua kati ya kidole gumba na cha shahada, ukateleza kama poda, bila chengachenga za vijiti. Harufu ni ya majani makavu, na mwishoni kuna kaukali kadogo ka figili, ndiyo saini ya mlonge. Unga wa namna hiyo majani yake yamenyonyolewa, yakaoshwa, yakaanikwa kivulini kwenye wavu mpaka yakavunjika mkononi. Yakianikwa juani rangi hugeuka kuwa ya kaki, na rangi haiondoki peke yake, huondoka na sehemu kubwa ya vitamini A. Mimi hutia kijiko cha chai kwenye uji wa ulezi nikishaepua, au kwenye kunde za nazi dakika ya mwisho. Uchungu upo, ila nazi inaumeza. Kama mboga, sijapata unga wa kuushinda huu hapa mjini.

Sasa lebo. Imeandikwa kwa herufi kubwa: husafisha ini, huondoa sumu zote mwilini, hutibu homa ya ini.

Nimefanya kazi maabara ya hospitali miaka 26 kabla ya kustaafu. Damu ukiiacha igande kwenye kichupa kisha ukaizungusha kwenye mashine, bonge hukaa chini na juu hubaki maji yake. Ya mtu mwenye afya yana rangi ya chai ya mchaichai. Ya mtu ambaye ini limeelemewa huja na rangi ya samli iliyokolea, mengine yanakaribia kahawia, na unakishika kile kichupa ukiwa umeshajua habari kabla ya namba kutoka. Namba tunazozisubiri ni za vimeng'enya, hasa ALT, ambacho makazi yake ni ndani ya seli za ini. Seli ikiumia, kinavuja na kuingia kwenye damu. Hakuna dawa ya kienyeji wala ya kizungu ninayoweza kuisifia kuwa inafaa ini bila kuuliza kwanza zile namba zilisemaje.

Na kuhusu mlonge, wapo watafiti waliouliza. Jani hili lina antioksidanti nyingi kweli, yaani vitu vinavyopoza mabaki makali ndani ya mwili, kwesetini ikiwa mojawapo. Kazi yake ni hivi. Ini linapochakata dawa au pombe, hutokea mabaki makali yanayoshambulia kuta za seli zake. Ini lina ulinzi wake wa kuzaliwa, unaitwa glutathioni, ambao huyakamata mabaki hayo na kuyapoza. Chukua parasetamoli: ukimeza kwa kipimo, sehemu ndogo tu hugeuka sumu na glutathioni inaimaliza. Ukizidisha sana, glutathioni inakwisha, na sumu iliyobaki inakula seli. Ndiyo maana hospitali humpa mtu aliyezidisha parasetamoli dawa ya asetilisisteini, ili ini lipate malighafi ya kutengeneza glutathioni nyingine.

Mwaka 2008 watafiti wa Malaysia waliwapa panya dondoo ya majani ya mlonge kisha wakawazidishia parasetamoli. Panya hao ini zao ziliumia kidogo kuliko za wenzao ambao hawakupewa, na glutathioni yao ilibaki juu. Miaka sita kabla ya hapo, India, walijaribu dondoo ya majani hayo kwa panya waliopewa dawa za kifua kikuu, zile tatu zinazojulikana kwa kulisumbua ini: isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi. Nako ini zilipata nafuu. Naamini majibu hayo, na nafurahi kwamba jani la uani kwetu limepewa heshima ya kupimwa.

Lakini angalieni kilichopimwa. Ni dondoo, yaani majani mengi yaliyokamuliwa nguvu zake kwa kemikali, si unga wa kijiko. Dozi za Malaysia zilikuwa miligramu 200 na 800 kwa kila kilo ya uzito wa panya. Ukichukua ile ndogo ukaizidisha moja kwa moja kwa mtu wa kilo 60, unapata gramu 12 za dondoo, na hata hesabu hiyo si halali kwa sababu mwili wa panya hauchakati vitu kama wetu. Kijiko changu cha chai kimebeba gramu mbili za unga. Tena panya walipewa mlonge kabla ya kuumia. Aliyeandika "hutibu homa ya ini" amevuka mto ambao watafiti wenyewe bado wako ng'ambo yake.

Mdogo wangu alianza dawa za TB mwaka jana. Wifi yangu, kwa mapenzi yake, akawa anampa unga wa mlonge asubuhi na jioni tangu siku ya kwanza. Si wa duka hili, wa mahali pengine, lakini maneno ya lebo yalikuwa haya haya. Wiki ya tano macho yakawa manjano, mkojo ukawa rangi ya chai ya rangi iliyokaa jikoni. Aliyewauzia akamwambia wifi kuwa hiyo ndiyo sumu ya vidonge inatoka, mgonjwa aache vya hospitali na azidishe unga. Siku nne zilipotea hapo, nami sikuwa na habari. Niliposikia nilichukua bajaji usiku uleule, na asubuhi tulikuwa kliniki. ALT yake ilikuwa imepita kiwango cha kawaida zaidi ya mara nane. Wakasimamisha dawa zote, wakangoja namba zishuke, kisha wakazirudisha moja baada ya moja huku wakipima damu kila hatua. Alimaliza matibabu yake. Leo anaendesha baiskeli kwenda kazini.

Wifi mpaka sasa anasema mlonge ndio uliomwokoa. Simbishii mbele ya watu, ni mke aliyekesha. Ninachokijua ni kwamba ini liliumia wakati mlonge anaunywa, na likapona vidonge viliposimamishwa. Kwa mtu mmoja siwezi kusema unga ulipunguza madhara au haukufanya kitu. Zile siku nne, lakini, zilitoka kwenye lebo moja kwa moja.

Narudi dukani. Paketi ya Mei, masika yamekolea, ilikuwa habari nyingine. Nilipoifungua nilikuta mabonge, ukiyaminya yanashikana kama unga wa maandazi ulioanza kunyunyiziwa maji. Harufu ya figili hakuna, badala yake ile ya gunia lililonyeshewa. Sikuionja hata kidogo. Majani yasiyokauka vizuri huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutengeneza sumukuvu, ambayo kiungo inachokilenga ni hilohilo ini. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu ya kwenye mahindi. Moto wa jikoni hauiondoi, na kwa macho huwezi kujua kuvu gani inayo na ipi haina. Sisemi paketi ile ilikuwa nayo, sikuwa na cha kuipimia. Nasema mtu anayenunua unga kwa ajili ya ini lake aogope unyevu kuliko kitu kingine chochote kwenye paketi hiyo.

Niliirudisha. Kijana hakubisha, alinipa shilingi 4,000 zangu na kunieleza kuwa akina mama wanaomletea kutoka Muheza walianikia ndani kwa sababu ya mvua. Hapo ndipo nilipomgusia lebo.

"Mama, bila yale maneno watu hawanunui."

"Mwanangu, mimi nimenunua mara mbili, na yale maneno ndiyo yaliyotaka kunifukuza."

Akanyamaza kidogo, akasema lebo huchapwa na wanaoleta mzigo, yeye atawaambia. Namwamini. Nilimkumbusha pia kwamba kinachouzwa kama chakula kiko chini ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, tangu 2019, na kinachouzwa kama dawa ya asili kinapaswa kupitia Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya 2002. Paketi yake haina alama ya huko wala huku. Kwa unga mzuri hivi, ni hasara yake mwenyewe.

Siku hiyohiyo alinionyesha vidonge vya binzari manjano vilivyochanganywa na pilipili manga, navyo kwa ajili ya ini. Nilikataa. Binzari ya kwenye pilau sina shida nayo, lakini pilipili manga hufanya ile dawa ya ndani ya binzari ipenye mwilini kwa wingi kuliko kawaida, na mwaka 2019 Italia ilipata wagonjwa kadhaa walioumia ini baada ya kutumia virutubisho vya binzari. Kitu cha jikoni kikikamuliwa na kushindiliwa kwenye kidonge hakibaki kuwa kitu cha jikoni.

Kwa wenye homa ya ini B nawaombeni sana. Kirusi kile kinaweza kukaa mwilini miaka mingi bila macho kubadilika rangi, huku ini linachakaa polepole mpaka kufikia saratani. Kupima ni damu kidogo tu. Dawa za kukizuia zipo, na chanjo ipo. Watoto wetu wanaipata kwenye ratiba ya kawaida tangu 2002, maana yake wengi wetu tuliozaliwa kabla hatukuipata utotoni. Unga huu, pamoja na uzuri wake wote, hauigusi kazi hiyo.

Na mjamzito asipewe mizizi wala magome ya mlonge, hata kama yapo rafu ya pili na mtu amemsifia. Bibi zetu waliyajua kama ya kutoa mimba. Mwenye kisukari anayetumia dawa amwambie daktari kabla ya kuuzoea, kwa sababu majani yanaweza kushusha sukari zaidi.

Paketi ya Jumamosi imerudi kwenye ubora wa Februari. Imekauka, inateleza, figili ipo, na sasa kijana anautunza unga kwenye mitungi ya kioo yenye vifuniko, mbali na mlango, anakufungia ukiwa unaona. Lebo ni ileile, anasema kuna mzigo wa zamani wa karatasi unaomaliziwa. Nilinunua mbili, yangu na ya wifi, maana anaupenda kwenye kunde. Ya wifi nimeihamishia kwenye chupa safi ya jemu, nikampelekea jana jioni. Mfuko wenye maandishi nimebaki nao mimi.