Filta ya sponji kwenye tangi la uduvi: miezi kumi ya kuitumia hapa Mbeya

Nilianza na uduvi 12 wekundu, wale wanaoitwa cherry, waliopandishwa basi kutoka Dar wakiwa kwenye mfuko wa plastiki uliojazwa hewa. Wote walifika wazima. Tangi langu ni la lita 40, lina mimea, kipande cha gogo, na konokono wadogo wa kahawia waliokuja wamejibanza kwenye majani.

Filta ya kwanza ilikuwa ya mota, niliyoambiwa dukani kuwa ndiyo nzuri. Kwa samaki wakubwa sawa. Kwa uduvi ilinitia hasara. Jike alibeba mayai karibu mwezi mzima, siku moja nikaona tumbo ni tupu, na watoto sikumwona hata mmoja. Nilipofungua filta kuiosha nikawakuta humo, vidogo kama milimita mbili hivi, wamekufa. Niliumia sana.

Ndipo nikanunua filta ya sponji, shilingi 12,000, na pampu ndogo ya hewa, 25,000. Kwa macho utaidharau: sponji jeusi lililovalishwa kwenye bomba la plastiki, basi. Pampu inapeleka hewa chini ya bomba, mapovu yanapanda, na yakipanda yanavuta maji yapite ndani ya sponji. Hakuna tundu la kumnyonya mtoto. Baada ya wiki kama sita sponji likashika utando, na utando huo kwa uduvi ni chakula. Alfajiri, kabla sijawasha taa, huwa namulika kwa tochi ya simu: wamelijaa sponji lote, kila mmoja anachota kwa vimikono vyake vya mbele na kupeleka mdomoni, huu ukishuka huu unapanda, bila kupumzika. Watoto wamo katikati yao, umbo ni lile lile la mama zao ila miili bado inaangaza kama kioo. Mwanangu alihesabu 31 akachoka.

Kasoro zipo. Pampu inanguruma, nimeiwekea kipande cha godoro chini yake. Tena mwanzoni niliiweka sakafuni, chini ya usawa wa maji. Umeme ukakatika usiku, maji yakarudi kwenye mpira, yakaingia kwenye pampu na kutapakaa chumbani. Pampu ile haikuwaka tena. Ya sasa iko juu ya kabati, na kwenye mpira nimefunga valvu ya kuzuia maji yasirudi. Ni kidude cha bei ndogo, lakini muuzaji hakunitajia. Kinunue siku hiyo hiyo unayonunua pampu.

Sponji nalikamua kila baada ya wiki tatu, ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka kwenye tangi lenyewe. Usilioshe kwa maji ya bomba: klorini inaua bakteria wanaosafisha maji, na uduvi wataanza kufa mmoja mmoja.

Filta hii usiitegemee kwa baridi. Julai kipimajoto kilisoma nyuzi 17 asubuhi. Uduvi hawakufa, ila majike hawakubeba mayai mpaka mwishoni mwa Agosti. Kalisi nayo, madini yanayojenga magamba, utaitafuta mwenyewe. Maji ya kwangu ni mepesi, yaani yana madini hayo kidogo, hata birika halishiki ukoko, na konokono wakaanza kutoboka vishimo vyeupe kwenye magamba. Nikachemsha maganda ya mayai, nikayasaga, nikawawekea. Sehemu mpya ya gamba sasa inaota laini, haina vishimo, na uduvi nao wanajivua magamba bila shida.

Rafiki alinishauri niongeze konokono wa mtoni. Nilikataa, kwa sababu baadhi yao hubeba kichocho, na mwanangu hupenda kutia mkono ndani ya tangi.

Nimeshanunua sponji la pili. Liko humo humo pembeni ya lile la kwanza, linashika utando, kisha litakwenda Iringa kwa dada yangu pamoja na uduvi 15 wa kuanzia.